WireGuard nyumbani nyuma ya fayawoli, uzoefu wangu na ile poti moja

WireGuard, programu ya VPN yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali, naitumia kwenye kompyuta ndogo ya Linux iliyokaa nyuma ya ruta nyumbani, nikiwa mbali nafikia mafaili na kamera zangu bila shida, na kwa kweli naipenda sana. Kabla yake nilikuwa na OpenVPN, VPN nyingine, nayo ilifanya kazi ila vile vyeti vyake vinachosha. Hapa kila kifaa kina funguo mbili, ya siri na ya wazi, mnapeana ile ya wazi basi. Tena tangu kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 5.6 ya mwaka 2020 imo humohumo ndani.

Sasa wengi wanakwama kwenye poti, yaani ule mlango wenye namba ambao muunganisho kutoka nje unapitia. Kabla hujagusa seting yoyote fungua ukurasa wa ruta, angalia IP (anwani ya mtandao) ya upande wa nje, linganisha na ile unayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP. Zikifanana endelea. Ukikuta ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127 ujue mtoa huduma amekuweka nyuma ya NAT yake, yaani mnatumia IP moja ya nje pamoja na wateja wengine, hapo hata ufungue poti zote za ruta yako hakuna kitakachoingia, omba IP ya umma au kodi kaseva ka nje. Ikianza na 192.168 kuna ruta nyingine mbele yako, nayo inataka kuelekezwa poti vilevile.

IP ikishakuwa sawa kazi iliyobaki ni ndogo: mashine ipewe IP ya ndani isiyobadilika, ruta ielekeze poti 51820 ya WireGuard kwake, na ni UDP jamani sio TCP (hizo ni njia mbili tofauti za kusafirisha data), halafu fayawoli (kizuizi cha miunganisho) ya mashine yenyewe nayo iruhusu poti hiyohiyo (kwa ufw, programu ya fayawoli ya Linux, ni amri moja tu), na ip_forward, seting ya Linux ya kupitisha data kwenda vifaa vingine, iwe 1 ukitaka kufika vifaa vingine vya nyumbani.

Kinachochanganya watu ni ukimya wake. WireGuard haijibu pakiti (kifurushi cha data) yoyote isiyo na funguo sahihi, kwa hiyo tovuti za kupima poti zitakwambia imefungwa wakati kila kitu kiko poa, na mimi kwa usalama nauona huu ndio uzuri wake mkubwa. Pima hivi: zima waifai ya simu utumie data, maana ruta nyingi ukijaribu kutoka ndani kwenda IP yako ya nje zinagoma, kisha kwenye mashine washa tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, isikilize UDP 51820 na uunganishe simu. Ikiingia pakiti ya urefu wa baiti 148 na ikatoka ya 92, simu na mashine zimesalimiana. Ikiingia 148 tu bila jibu, ruta imemaliza kazi yake, shida iko kwenye funguo au fayawoli ya mashine, kwa sababu tcpdump inaona pakiti kabla fayawoli haijaitupa. Isipoingia kabisa rudi kwenye ruta, au anwani uliyoandika kwenye simu. Kwa hizo namba mbili unajua pa kushika, huna haja ya kubadilisha kila seting kwa kubahatisha.

Lawama yangu ni moja, haitembei kwenye TCP, kwa hiyo ukikuta waifai inayobana UDP umekwama. Kwa ajili hiyo OpenVPN bado nimeiacha kwenye TCP 443 kama akiba, ila siku nyingi haiguswi.