Barabara ya Morogoro, Temboni hadi Kariakoo: uzoefu wangu

Nimepanga Temboni, Dar es Salaam, tangu 2013 na fremu yangu ya vitenge iko Kariakoo, kwa hiyo siku sita za wiki naikanyaga Barabara ya Morogoro asubuhi na jioni. Naandika kwa wale wanaoulizia vyumba Kimara, Suka, Temboni na Mbezi.

Sifa yake kwanza, maana inastahili. Miaka ile nahamia, ukichelewa kutoka nyumbani dakika kumi tu, Ubungo Mataa ilikuwa inakula asubuhi yako yote. Unanunua karanga dirishani, unazimaliza, gari halijasogea. Daraja la Kijazi lilipofunguliwa hapo Ubungo Februari 2021, magari ya barabara za Mandela na Sam Nujoma yakaacha kugombania njia na sisi, na ile foleni ya mataa nikaisahau. Mabasi ya mwendokasi nayo tangu 2016 yana njia yao kuanzia Kimara. Nashuka kwenye daladala Kimara Mwisho, napanda basi la mwendokasi la Gerezani, Kariakoo, na Urafiki, Manzese na Magomeni zinapita nikiwa bado napanga bei za siku.

Masika ni habari nyingine. Mto Msimbazi ukifura, Jangwani hapapitiki, na nimeshazunguka Kigogo mara nyingi nikiwa na mzigo.

Huku kwetu, kutoka Kimara kwenda Kibaha, barabara sasa ni njia nane. Nyumba za pembeni zilibomolewa 2017. Nakumbuka zile X nyekundu ukutani, na jirani yangu aliyeng'oa milango yake mwenyewe ili asiikose. Kwa mwenye gari, raha. Kwa anayetembea kwa miguu, kuna kazi.

Asubuhi sina shida, kituo kiko upande wangu. Jioni nashushwa ng'ambo. Mwaka juzi mama alikuja kutoka Muheza, nikaenda naye dukani, tukarudi giza limeshaingia. Tulisimama pale pundamilia, rangi yenyewe imefutika, mabasi ya mikoani yanateremka kwa kasi hadi upepo unapeperusha khanga yake. Tukapata mwanya, tukafika katikati, tukakwama. Mara bodaboda ikatokea upande usio wake, bila taa, ikapita mbele ya miguu yetu. Mama alinishika mkono kwa nguvu kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo. "Mwanangu, hapa mnavuka kila siku?" Nilikosa jibu, kwa sababu wanangu nao wanavuka hapo hapo wakitoka shule.

Pale Manzese watu wanapita juu darajani na watoto wao, na mizigo yao, hawana haja ya kukimbizana na basi. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye kila kituo cha huku juu. Barabara pana namna hii haivukiki kwa kubahatisha.

Kwa hiyo ukija kutafuta chumba, usiulize kodi na maji tu. Njoo saa moja usiku, shuka upande wa ng'ambo, uvuke mwenyewe kabla hujalipa. Na kama una watoto au mzee nyumbani, tafuta upande ilipo shule.

Mama anakuja tena Desemba. Nitampokea stendi ya Magufuli, Mbezi, maana daladala la kutokea huko linatushusha upande wetu, mlangoni kabisa.