Pipa, ndoo au tangi? Vyombo vya kuchanganyia na kuhifadhi maji ya chumvi ya samaki

Pindua chombo uangalie kitako chake. Vyombo vingi vya plastiki vina pembetatu ndogo ya mishale yenye namba katikati. Namba 2 ni polithilini nzito, yaani HDPE. Namba 5 ni polipropilini. Kwa maji ya chumvi ya tangi la samaki wa baharini sitafuti nyingine nje ya hizo mbili. Ila wengi hudhani pembetatu hiyo ni cheti cha usalama, kumbe inataja aina ya plastiki basi. Kinachoonyesha kwamba chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula ni alama ya glasi na uma, au maelezo ya mtengenezaji mwenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa ndoo au pipa jipya la HDPE la kuhifadhia chakula, lenye mdomo mpana na mfuniko. Halishiki kutu, halipasuki ovyo, na halitoi kitu cha kuwadhuru samaki. Mdomo mpana nausisitiza kwa sababu maji yakipashwa moto kupita kiasi au yakikorogwa siku nyingi, kalsiamu hujitenga ikaganda ukutani na kwenye pampu kama ukoko mweupe. Siki huulainisha, lakini lazima mkono ufike kitakoni kusugua. Kwa hiyo madumu ya shingo nyembamba, hata yakiwa na alama zote, ni ya kubebea maji tu.

Ukubwa je? Tuseme tangi lako ni la lita 200 na kila mara unabadilisha asilimia 15 ya maji. Hizo ni lita 30. Nunua chombo cha lita 50, upate nafasi ya kukorogea na akiba ya dharura. Kabla hujatamani kikubwa zaidi, piga hesabu ya uzito: lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025, hivyo pipa la lita 100 likijaa linapita kilo 100. Hapo ulipoliweka ndipo litakapokaa.

Nafasi ya pili ni tangi la polithilini la maji ya kunywa, kwa mwenye matangi kadhaa ya samaki au tangi kubwa. Jeusi ni zuri zaidi, kwa kuwa mwanga haupenyi na mwani hauoti. Kasoro yake ni kwamba tundu la kutolea maji mara nyingi liko juu kidogo ya kitako, chumvi isiyoyeyuka ikatuama chini yake. Kagua pia koki: koki nyingi zinazouzwa na matangi ni za shaba nyeupe au shaba nyekundu. Ibadilishe uweke ya plastiki. Kiwango cha shaba ambacho samaki anakivumilia kinatosha kuua kamba, konokono na matumbawe.

Maboksi ya polipropilini ya stoo yanakuja ya tatu. Plastiki yenyewe haina neno, ila kuta ni nyembamba na hutuna maji yakijaa. Changanya, tumia siku hiyohiyo, kausha.

Pipa jipya la taka? Wapo wengi wanaolitumia miaka na miaka bila tatizo, lakini mimi nanunua lile tu ambalo mtengenezaji amesema linafaa kwa chakula. Yenye manukato au dawa ya kuua bakteria yaache dukani.

Vyombo vilivyokwisha kutumika ndivyo vinavyonitia wasiwasi kuliko vyote. Polithilini hufyonza mafuta na harufu. Dramu lililobeba sharubati linaoshwa likafaa. Lililobeba sabuni, mafuta au dawa ya wadudu halitakati hata ulioshe vipi. Muuzaji asiyejua lilibeba nini, mshukuru uondoke. Mabati yana zinki, hayafai kabisa, na hata chuma cha pua huliwa na chumvi taratibu. Tangi la kioo halina sumu, ila ni zito, na ufa mmoja unamwaga kila kitu sakafuni.

Chombo kikifika nyumbani, kioshe bila sabuni, kijaze maji yaliyochujwa kwa RO (chujio la osmosisi ya kinyume), upime TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kisha ukiache siku mbili na kupima tena. Namba ikipanda, kuna kitu kinatoka kwenye plastiki. Kipimo hiki hakioni mafuta, kwa hiyo kinuse chombo pia.

Siku ya kuchanganya, tia maji kwanza, chumvi baadaye, pampu ikizunguka na mfuniko ukiwa wazi kidogo hewa ipite. Hita isiguse ukuta wa plastiki. Maji yakiwa tayari funika, kwani yanayopotea kwa mvuke huiacha chumvi nyuma. Pima tena kwa refraktomita, kifaa cha kupimia kiwango cha chumvi, kabla ya kuyamimina kwenye tangi.