Ilford HP5 Plus kwenye jua la Dodoma: uzoefu wangu

Nimekuwa nikitumia Ilford HP5 Plus, mkanda (filamu) wa picha za nyeusi na nyeupe, kwenye kamera ya Pentax K1000, hapa Dodoma mjini na huko Bahi. Naandika kwa ajili ya anayejiuliza kama picha za mkanda bado zinawezekana kwetu. Zinawezekana, ila kwa nyeusi na nyeupe. Za rangi nimeachana nazo.

Sababu ni kusafisha, yaani kuutia mkanda uliopigwa kwenye dawa ili picha zitokee. Mkanda wa rangi unataka dawa ibaki nyuzi 38 bila kuyumba, na studio ninazozijua mjini siku hizi zinaishi kwa picha za pasipoti. HP5 unausafisha mwenyewe nyumbani: tenki dogo, dawa ya kutokeza picha ya D-76, fiksa (dawa ya kuzifanya picha zidumu), na chumba chenye giza la kweli wakati wa kuvingirisha mkanda. Maelekezo yanasema dakika saba na nusu kwa nyuzi 20, lakini Novemba maji ya bomba Dodoma yako juu ya hapo. Naweka chupa ya dawa kwenye beseni la maji ya barafu, kipimajoto kikishuka ndipo namimina. Asiye na friji achanganye dawa na maji nusu kwa nusu. Hapo muda ni dakika 11, kwa hiyo hata ukiupunguza kwa sababu ya joto, hauwi mfupi mno.

Adui mkubwa ni vumbi. Upepo wa kiangazi ukivuma, chembe moja ikinasa kwenye negativu (mkanda uliokwisha kusafishwa) ambayo bado ni mbichi inatokea kama doa jeupe usoni mwa mtu. Naanika bafuni, baada ya kumwagia kuta na sakafu maji na kufunga mlango.

Mkanda huu ni wa ISO 400, yaani mwepesi kunasa mwanga. Jua letu la mchana linataka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, kwa shata ya 1/500 ya sekunde, na K1000 inaishia 1/1000, kwa hiyo kufungua tundu hilo wazi ili kufifisha mandhari ya nyuma saa saba mchana haiwezekani. Filta ya njano inapunguza mwanga na kuyatokeza mawingu. Raha yake ni jioni, kwenye vibanda vya soko la Majengo. Nilimpiga mama anayeuza zabibu: ule ungaunga mweupe juu ya punje umeonekana, na pale vidole vyake vilipoufuta pameonekana pia. Simu yangu ingelainisha vyote.

Wanaosema mkanda umekufa waangalie yaliyotokea. Ilford ilifilisika Uingereza mwaka 2004, mameneja wake wakainunua, na mikanda inatoka hadi leo. Mwaka 2024 Pentax imetoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17. Hofu yangu ni huku kwetu. Mkanda wa picha 36 lazima niuagize, na bei inauma. K1000 haitengenezwi tangu 1997. Ni ya vyuma na betri yake ni ya mita ya mwanga tu, lakini bila fundi wa kuifungua na kuisafisha, siku moja shata itagoma.

Kwa hiyo nawaomba wenye studio za zamani, Dodoma, Singida, Kondoa: kama matenki na vibanio vya kuanikia bado viko stoo, msiwauzie watu wa vyuma chakavu. Wanunuzi tupo.