Kwinteti za klarineti: rekodi ninazowapa vijana kwanza

Nimepuliza klarineti kwenye bendi ya askari hapa Kampala muda wote wa utumishi wangu, na tangu nistaafu nafundisha vijana nyumbani, Ntinda. Swali wanaloniletea kila mara ni hili: "Afande, nikiandika kwinteti ya klarineti ya Mozart kwenye simu zinakuja rekodi chungu nzima. Nichukue ipi?" Swali la haki kabisa. Bando linauma, na kijana akianza na rekodi mbovu ataona muziki wenyewe ndio mbovu.

Jibu langu huwa ni lilelile: usisikilize klarineti, sikiliza wale wengine wanne wanaopiga nayo. Uwanjani siku ya gwaride klarineti inapigania nafasi yake na tarumbeta na ngoma, kwa hiyo sisi wa bendi masikio yetu yamezoea kumtafuta aliye mbele. Kwinteti, yaani muziki wa wapigaji watano, haiendi hivyo. Kuna klarineti, fidla mbili, viola na selo, na kila mmoja ana lake la kusema. Rekodi ambayo fundi mitambo amemsogeza mpulizaji mbele na kuwaacha wenzake nyuma ya pazia, mimi naiacha, hata mpulizaji awe hodari namna gani.

Kwa Mozart, kipimo changu ni sehemu ya tatu ya Kwinteti K. 581 (ndiyo namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), aliyoiandika 1789. Ni minueti, muziki wa mwendo wa dansi, yenye trio mbili, yaani vipande viwili vya katikati, na katika trio ya kwanza klarineti inanyamaza kabisa. Wanabaki wapigaji wa nyuzi peke yao, na muziki unaingia huzuni. Kama hapo unajikuta unasubiri tu klarineti irudi, basi kwateti hiyo, yaani wale wanne wa nyuzi, haina nguvu. Tafuta nyingine.

Kwa mtunzi Brahms, kwinteti yake ya 1891, Op. 115 (Op. ni namba ya kazi), nasikiliza mwanzo tu. Mzee huyu alikuwa ameshaamua kuweka kalamu chini, mpaka alipomsikia Richard Mühlfeld, mpuliza klarineti wa okestra ya Meiningen, ndipo akarudi mezani. Fidla mbili zinaanza, zinajizungusha kidogo, kisha klarineti inaingia polepole kutoka chini na kupanda. Kwa mpulizaji mwenye pumzi nzuri, sauti unaikuta tayari imo ndani, ilipoanzia hupajui. Kwa asiye nayo unasikia ulimi ukigonga ridi, kile kijiti chembamba cha mdomoni, na pale pale uzuri wote umekwisha.

Rekodi ninayompa kila kijana kwanza ni ya mpuliza klarineti Gervase de Peyer na kundi la Melos Ensemble, ya miaka ya 1960, waliyoifanyia kampuni ya EMI. Mozart na Brahms wote wawili wamo. De Peyer alikuwa klarineti ya kwanza wa London Symphony Orchestra na angeweza kuwafunika wenzake akitaka, lakini hataki. Viola ikipata la kusema, yeye anashuka chini kuipisha. Msikilize kwenye Larghetto ya Mozart, ile sehemu ya pili ya polepole, ambako nyuzi zimefungwa viziba-sauti: klarineti inaimba juu yao na bado unasikia fidla ya kwanza inavyoijibu. Rekodi yenyewe ni safi, haikuchoshi. Kwa mwenye pesa ya moja tu, ni hii.

Ukishaizoea, nenda kwa Reginald Kell na Kwateti ya Busch, Brahms, 1937. Ni rekodi ya enzi za santuri, kwa hiyo mkwaruzo upo, na dakika za mwanzo utauona mwingi. Vumilia. Adolf Busch alikuwa Mjerumani aliyekataa kupiga nchini mwake chini ya Hitler, na kundi lake linapiga kwa uzito ambao sijausikia kwingine. Kell naye alitetemesha sauti, jambo ambalo wapuliza klarineti wengi wa wakati ule walilikwepa. Ngoja mpaka katikati ya Adagio, sehemu ya pili ya polepole, pale nyuzi zinapotetemeka na klarineti inapanda na kushuka kwa mtindo wa wanamuziki wa Hungaria wa jamii ya Waroma (si watu wa mji wa Roma). Kell hapo ni kama msemaji wa msibani aliyeikunja karatasi yake na kuanza kuongea kutoka moyoni. Mimi kila nikifika hapo naacha ninachofanya.

Karl Leister na Kwateti ya Amadeus, Brahms tena, ni habari nyingine. Huyu alikuwa klarineti ya kwanza wa Berlin Philharmonic, anapuliza klarineti ya mfumo wa Kijerumani, na sauti yake haitetemi hata chembe. Mstari mmoja, mrefu, haukatiki. Kama somo la pumzi sina bora zaidi la kumpa mwanafunzi. Lakini pale pale pa Kihungaria namwona nadhifu mno. Nataka jasho kidogo. Mpulizaji Leopold Wlach wa Vienna, kwenye rekodi zake za mwanzo wa miaka ya 1950, ni wa polepole na joto. Mweke kwa ajili ya jioni.

Kuna moja ya Mozart siwezi kuiruka: mpulizaji Thea King na Kwateti ya Gabrieli, kwa kampuni ya Hyperion. Mozart alimwandikia kwinteti hii rafiki yake mpulizaji Anton Stadler, ambaye klarineti yake ilirefushwa ikafika chini kuliko za kawaida. Hati ya mkono wake ilipotea, na zilizochapishwa zilirekebishwa ziingie kwenye klarineti ya kawaida. King anatumia hiyo ndefu. Kwa hiyo kuna mahali ambapo wengine wanalazimika kurukia juu katikati ya sentensi, yeye anateremka moja kwa moja mpaka chini. Wanafunzi wangu wanaisikia tofauti hiyo bila kuelezwa.

Mikusanyo ya "muziki wa kutuliza akili" achana nayo. Utapewa Larghetto peke yake, na mara nyingi majina ya wapiga nyuzi hayamo. Rekodi isiyowataja haikuwajali. Angalia na muda. Sehemu ya kwanza ya Mozart ikiwa dakika sita na kidogo, jua wameruka marudio. Yakiwamo, inafika kama tisa. Na tafadhali, usipime kwa spika ya simu. Binti mmoja aliniambia mwanzo wa Brahms ni fidla tupu. Nikampa viskilizio vya waya, vya bei ya kawaida, akanyamaza, kisha akauliza, "Afande, hii sauti ya chini ilikuwa wapi?" Ilikuwa selo. Spika ndogo huimeza yote.

Kwa kwinteti ya mtunzi Weber, Op. 34 ya 1815, kipimo changu cha kuwasikiliza wale wanne hakifanyi kazi. Aliiandika ili kuonyesha ubingwa wa mpuliza klarineti Heinrich Baermann, na nyuzi zinamsindikiza tu, karibu kama okestra. Hapo chagua kwa vidole na pumzi za mpulizaji, na sehemu ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha nani anaviweza vyote viwili.