Inanirudisha kwenye lupu na haitaki kusema kwa nini

Hii app ya kujifunza kuandika programu za kompyuta ina masomo mangapi na inafundisha lugha zipi za kompyuta, kasomeni kwenye ukurasa wao. Ugomvi wangu ni na kile kisanduku cha "Imependekezwa kwa ajili yako", kinachokuchagulia zoezi linalofuata.

Python, lugha ya kompyuta ninayojifunza, ilikuwa inanikubali. Somo la orodha nimemaliza, la kamusi (namna ya Python ya kutunza data kwa jozi) nimemaliza, nimeshafika kwenye funksheni, yaani vipande vya maelekezo, zinazojiita zenyewe, sehemu niliyoisubiri kwa hamu. Ghafla kisanduku kinaniambia nirudi kwenye lupu, yale maelekezo ya kurudiarudia jambo, somo la mwanzoni kabisa. Kuchapisha namba 1 hadi 10! Nikafanya. Kesho yake, lupu tena. Nikiiruka, inarudi. Wala hakuna neno hata moja la kunieleza nimekosea wapi.

Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja. Wakanijibu kwamba mfumo unajifunza kutokana na mwenendo wangu, niuamini tu. Mwenendo upi? Eti hawawezi kuchambua uamuzi wa mfumo kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Jamani, huyo mmoja mmoja si ndiye anayelipa?

Basi nikapekua historia ya mazoezi mwenyewe. Kulikuwa na mazoezi yanayotaka namba zikae kwenye mstari mmoja. Nilitumia end=" ", inayoiambia Python iweke nafasi baada ya kila namba badala ya kushuka mstari, kama somo lao lenyewe lilivyonifundisha, na njia hiyo huacha nafasi tupu baada ya namba ya mwisho. Kisahihishi chao kinalinganisha herufi kwa herufi, kikanipa kosa. Yaani nafasi isiyoonekana kwa macho ndiyo iliyonifanya nisiyejua lupu.

Na wasiniambie hesabu zake ni ngumu kueleza. Tangu katikati ya miaka ya 1990 watafiti Corbett na Anderson walishaonyesha namna ya kukadiria kama mwanafunzi ameelewa jambo, kwa namba nne tu: uwezekano kwamba alilijua tangu mwanzo, kwamba amejifunza njiani, kwamba amebahatisha, na kwamba analijua ila ameteleza. Kuteleza kumo! Sijui hawa wanatumia hesabu gani, maana hawasemi, lakini sentensi mbili zingetosha: "Tunakurudisha kwa sababu ya mazoezi haya. Kama unaona tumekosea, bonyeza hapa tukupime upya."

Hivi karibuni wakaongeza kitufe cha "Kwa nini hili?" Nikafurahi kweli, nikataka hata kufuta malalamiko yangu. Nikabonyeza. "Kwa sababu wanafunzi wanaofanana nawe walifanya zoezi hili." Wanafanana nami kwa lipi, kwa kuacha nafasi tupu? Hiyo si sababu, huwezi hata kuibishia. Nyota moja.

Ila nisiwadhulumu walioandika mazoezi yenyewe. Lile la kwanza la funksheni inayojiita linakuacha uisahau kwa makusudi sharti ya kusimama, inajiita weee mpaka Python inaikatisha kwenye miito kama 1000, halafu wanakufafanulia ujumbe wa kosa mstari kwa mstari mpaka unacheka. Sijaona pengine wanapofundisha hivyo. Kwa hilo nyota tatu, pengine nne. Lakini hapo ndipo hasira inaponirudia: watu wanaojua kufafanua kosa la kompyuta namna hiyo wanashindwaje kunifafanulia uamuzi wa mfumo wao?

Siku hizi napitia menyu ya pembeni, nachagua mazoezi mwenyewe. Nimelipia mwezi mwingine pia, na hilo nalo linaniudhi.