Bunduki ya upepo ya silinda: tazama mikono yangu kwanza

Mugonile wote wa Mbeya! Kamwene wa Iringa na Njombe! Sogeza kamera mpwa wangu, waone vizuri. Haya malengelenge siyo ya jembe, ni ya pampu. Leo nina hasira na hii pampu, na msiondoke, maana mwenzenu nimeteseka ili ninyi mjue mnachonunua.

Haya, mezani kuna bunduki mbili za upepo. Ya kushoto ni ya springi, ile tuliyoizoea: unakunja mtutu, unaweka risasi, unapiga. Ya kulia ndiyo mnayoniulizia kila siku, ya silinda. Unaijaza hewa mpaka baa 200, baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, halafu unapiga weee, hukunji kitu. Zote zinatumia risasi za milimita 5.5. Majina nimeyabandika utepe mweusi kwa sababu hakuna aliyenilipa. Urefu na uzito vimeandikwa kwenye boksi, sisomi. Na siyo zangu, ni za mzee jirani yetu wa shamba hapa Uyole. Ana kibali chake, na yuko pale kwenye kigoda anatuangalia. Shikamoo mzee! Wewe kabla hujatoa hata mia, pita polisi ukaulize taratibu. Usije ukasema nilikutuma.

Sasa pampu. Nakanyaga hapa kwa miguu yote miwili, navuta mpaka juu kabisa, nashusha. Moja. Nyepesi, eti? Geji inasoma 120, tuko pamoja. Thelathini... hapa bado naongea. Hamsini... sasa mikono imegoma, nalala juu yake kwa tumbo, mnaona? Sabini na tano. Simama! Mpwa wangu, gusa hapa chini.

"Anko, inaunguza hii!"

Inaunguza. Kwa hiyo tunapumzika dakika tano, siyo kwa huruma na mimi, ni kwamba joto linakula oringi, zile pete za mpira za ndani zinazozuia hewa isivuje. Ukienda kwa pupa unaua pampu.

Wakati inapoa: video zetu zimehama kutoka Jumamosi kwenda Jumatano jioni, Jumamosi nashinda sokoni. Bonyezeni kengele, siyo mnatazama mnakimbia kama mmekula bila kulipa.

Tuendelee. Mia... mia na ishirini... mia thelathini na nne! Baa 200. Aisee, maji.

Kinachoniudhi ni hiki. Nina rafiki yangu Kigamboni, ana bunduki pacha ya hii na pampu pacha. Kutoka 120 mpaka 200 yeye anapampu mara 110 tu. Nilidhani ananitania, nikamwambia ajirekodi, akajirekodi. Basi nikakaa nikafikiri. Sisi Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyembamba. Kila ukivuta mpini, pampu inameza kama asilimia 82 ya hewa anayomeza yeye kule ufukweni. Chukua 110, gawa kwa 0.82. Inakuja 134! Kwa hiyo ukiambiwa "unapampu mara mia tu", muulize anayekuambia kasimama wapi.

Ingawa hapo zamani watu walikoma zaidi. Jeshi la Austria, kwenye miaka ya 1780, lilikuwa na bunduki ya upepo ya Girardoni, na kuijaza kulitaka kama mara 1,500. Mara elfu moja na mia tano! Mimi hapa nalia na mia.

Na ninyi wa Tukuyu, huko mvua haikauki, nunueni na kichujio cha unyevu. Ukishindilia hewa yenye maji, maji yanaingia kwenye silinda, yanakaa, kutu inaanza. Za mitungi midogo ya gesi msiniulize kabisa. Gesi ile ikipoa inapungua nguvu, na Julai ya Makete mnaijua.

Haya, tupige. Nyuma ya shabaha kuna kingo ya udongo imenizidi kimo, miwani ninayo, mbwa amefungwa. Mita 50, kifuniko cha ndoo ya rangi. *Ta!* Mmesikia? Haikurudi nyuma hata kidogo, bega halijui kitu. *Ta! Ta!* Mpwa wangu, lete kifuniko. Matundu matatu, yote yanafunikwa na sarafu ya mia mbili. Jamani... nilikuja hapa kuitukana hii kitu. Na hewa nyembamba inayonitesa kwenye pampu inaisaidia risasi, haiivuti sana njiani. Ila upepo ukivuma kutoka huku mlimani, ngoja uone. *Ta!* Hiyo imekula kushoto upana wa kiganja. Mbali ni upepo, siyo nguvu. Ndiyo maana hizo kasi kubwa kwenye maboksi hazinitishi: risasi ikizidi kasi ya sauti inayumba. Weka nzito, iende taratibu kidogo, itulie.

Ya springi sasa. *Paa!* Hii inaruka nyuma na mbele, ukiikaba inakosa. Inataka uishike kama kifaranga. Mrukaruko huo ndio ulioniulia darubini mwaka jana, ule msalaba wa kulengea ndani ya kioo ulikatika mchana kweupe, na muuzaji akasema eti nimeidondosha. Nunua darubini iliyotengenezwa kwa bunduki ya springi, basi.

Kwa mita 15 nyuma ya nyumba, chukua springi, hutajuta. Lakini kwako uwe na kingo. Kama unaishi Mwanjelwa bati kwa bati na jirani, acha kabisa. Ya silinda ni kwa mwenye shamba, na ahesabu pampu, kichujio na darubini juu ya bei. Kompresa ya umeme ipo, ila kwa hela ile si bora niongeze ndama wa maziwa?

Mzee anasema na yeye anataka kupiga. Karibu mzee. Geji imeshuka. Mpwa wangu, leo zamu yako ya pampu... Mpwa wangu? Jamani, kamera imeshikwa na nani?