Mbao za boksi la spika: ipi ununue, ipi uache

Muuzaji akikwambia boksi la mninga lina "sauti tamu ya mti", mwache amalize mnada wake. Mpingo wa Kilwa hutengenezwa klarineti, lakini klarineti ni ala, spika si ala. Boksi kazi yake ni kunyamaza ili isikike koni peke yake, yaani ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika kutoa sauti. Ukuta wa boksi ukitikisika hutoa mvumo wake, na kwenye maboksi ya nyumbani mvumo huo mara nyingi huangukia mahali ilipo sauti ya mwanamume anayezungumza. Hapo ndipo mtangazaji wa redio anapoanza kusikika kama yumo ndani ya pipa.

Kwa hiyo mbao zina athari, ila si kwa jina la mti. Unene ukiongezeka kwa nusu tu, kutoka milimita 12 hadi 18, ubao unakuwa mgumu kupinda zaidi ya mara tatu. Kubadilisha aina ya mti hakukupi tofauti kubwa hivyo. Pangilio lifuatalo ni la spika za sebuleni.

1. MDF (ubao wa nyuzinyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18. Nzito, haina mwelekeo wa nyuzi wala mafundo, inakatika sawasawa na ni nafuu kuliko plaiwudi nzuri. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ina uzito wa kilo 40 hivi. Ukiinyanyua ikawa nyepesi kupita kiasi, iache. Adui wake ni maji. Mjini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, boksi la MDF lisilopakwa kitu huanza kuvimba kwenye kingo za chini, hasa sakafu ikipigwa deki kila siku. Paka kingo zote gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache ikauke, piga msasa, kisha rangi au vanishi ndani na nje. Skrubu ikiingia kwenye ukingo bila kutobolewa njia, ubao unapasuka katikati: kwa skrubu ya milimita 4 toboa kwa biti ya 3, na kaa angalau sentimita 5 kutoka kwenye pembe. Anayekata avae barakoa, vumbi lake ni baya.

2. Plaiwudi ya matabaka mengi, milimita 18. Spika ikiwa ya harusini, ya mkutano au ya kupandishwa kwenye pikapu, hii inapanda namba moja bila ubishi: ni nyepesi kuliko MDF, inashika skrubu, inavumilia kuangushwa. Bora kabisa ni ya mti wa betula kutoka kaskazini mwa Ulaya, yenye matabaka 13 hivi, lakini bei yake si ya mchezo. Marini bodi ya wajenzi, ile ya kumwagia zege, inafaa ukichagua kwa jicho kali. Angalia ukingoni: mashimo kati ya matabaka yatalia besi ikipanda. Uso wake laini haushiki gundi, hivyo kwaruza kwa msasa kila panapoungwa.

3. Chipubodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Isidharauliwe. Ikiwa nene na imezibwa kingo, ndani ya nyumba kavu inanyamaza vizuri. Ila skrubu ukiifungua na kuifunga mara mbili tatu, tundu linakuwa unga.

4. Mninga, mkongo na mbao nyingine nzima. Nzuri kwa macho, ghali, na hazina faida ya sauti. Mbao hutanuka na kusinyaa kukatisha nyuzi. Boksi lililoungwa kwenye unyevu wa pwani likipelekwa ukavu wa Dodoma linaweza kufungua maungio. Mninga hutulia kuliko miti mingi, lakini bado ni heri kubandika veniya yake, yaani ganda lake jembamba, juu ya MDF.

5. Plaiwudi ya milimita 6 au 9. Usinunue. BBC ilitumia kuta nyembamba kwenye spika ndogo ya LS3/5A miaka ya 1970, lakini ndani ilibandika shiti za lami kwa hesabu maalumu. Fundi wa mtaani anayelipua kazi habandiki kitu.

Hela iliyobaki ipeleke kwenye mbao za kukazia ndani. Ubao mmoja unaounganisha kuta mbili kubwa za ubavu, ukiwekwa kidogo nje ya katikati, unasaidia kuliko kubadilisha mti. Pamba ya ndani haifanyi kazi hiyo. Yenyewe hupunguza mawimbi ya hewa, si mtikisiko wa ukuta.

Unapopokea boksi, gonga ubavuni kwa kifundo cha kidole: "tu" fupi ni nzuri, "buum" ni kasoro. Kama lina tundu la besi, lizibe, kisha sukuma koni taratibu na uiachie. Ikirudi ghafla, hewa inavuja. Washa udi, cheza besi ndefu, pitisha moshi kwenye maungio na nyuma kwenye terminali, pale zinapofungwa nyaya. Mahali moshi utakapotikisika, paka silikoni.

Na ukiamua kuongeza unene, ongezea nje. Boksi la sentimita 25 kwa 45 kwa 35 lenye ubao wa milimita 18 lina lita 27.8 ndani; ukitumia milimita 25 kwa vipimo vilevile vya nje zinabaki lita 24, na besi haitakuwa ile iliyopigiwa hesabu.